Wodi Iliyosogezewa Serikali

Ningeanza kwa paukwa, ila katika nchi ninayotaka kuwasimulia hata pakawa haitamkwi mpaka kibali kitoke Makao Makuu. Basi tuanze bila kibali, na tukikamatwa tutajuana huko huko.

Ilikuwa nchi ya watu wapole na serikali moja kubwa. Serikali hiyo ilikaa yote mahali pamoja, Makao Makuu, nayo mikoa ilikaa pembeni ikila kwa macho. Paa la shule likiezuliwa na upepo huko mpakani, barua ilipanda basi siku nne kwenda kuuliza kama ni kweli upepo ulivuma. Majibu yalirudi baada ya mwaka: upepo unachunguzwa. Watu walizoea, na watoto walisoma juani.

Siku moja Mtukufu Rais, aliyekuwa ametawala muda mrefu hata watoto wakadhani Rais ni jina alilopewa na mama yake, aliamka na huruma. Alilihutubia taifa kwa saa tatu na nusu. Alisema ameona mateso ya wananchi wanaoifuata serikali mbali, na kuanzia sasa hawataifuata tena, serikali itawafuata wao: mpaka mlangoni, mpaka uani, ikibidi mpaka chumbani. Wabunge walipiga meza hadi meza mbili zikavunjika, na papo hapo wakapitisha Sheria ya Kushusha Madaraka Mikoani, kurasa mia nne na jedwali la safu mbili. Safu ya kushoto ilitaja madaraka yanayobaki Makao Makuu, nayo ni kukusanya, kutumia, kuajiri, kufukuza, kununua, kujenga, kuruhusu na kukataza. Safu ya kulia ilitaja madaraka yanayoshuka: kupokea wageni, kupanda miti, kuhamasisha, na kutoa shukrani. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, iliandikwa kwamba jambo lolote lisilotajwa popote ni la Makao Makuu mpaka itakapoelezwa vinginevyo.

Huko Lugwisha, mkoa wa mwisho kabla nchi haijaisha, habari hizo zilimkuta mkunga Siwema akianika mashuka ya wodi ya wazazi.

Siwema alikuwa amezalisha pale miaka kumi na tisa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye ulimi mkali na mikono isiyotetemeka, na wodi ile aliipenda kama mtu anavyopenda nyumba aliyoijenga kwa jasho. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lugwisha walikuwa na desturi yao: mjamzito haendi kliniki mikono mitupu, huenda na tofali moja la kuchoma, na mume ndiye anayelibeba hadi getini huku akijifanya analalamika. Kwa miaka kumi na moja, tofali baada ya tofali, walipata chumba chenye bati, sakafu ya saruji, bomba la maji ya mvua, taa ya jua, vitanda vinne vya kulala na kimoja cha kujifungulia, kile kinachoinuka upande wa miguu. Serikali haikutoa hata msumari, ila ilituma mtu wa kuandika kwamba imejenga.

Gavana wa kwanza wa Lugwisha, Mheshimiwa Kanali Mstaafu, Dokta wa Heshima, Balthazari Lukindo, aliwasili Jumanne na magari kumi na saba. Moja lilikuwa gari la wagonjwa, jeupe, lenye king'ora, endapo Mheshimiwa angepiga chafya njiani. Alikuja na bendera, viti vya kuzunguka, na katibu mwembamba aitwaye Bwana Chilongani aliyetembea na futi ya kupimia mfukoni. Kitu kimoja tu hawakuja nacho, ofisi. Kujenga kulikuwa safu ya kushoto.

Chilongani akaizunguka Lugwisha yote na futi yake. Shule haikuwa na paa, bado lilikuwa linachunguzwa. Mahakama ilikuwa imeliwa na mchwa pamoja na mafaili ya kesi za mchwa wenyewe. Saa kumi jioni alisimama kwenye sakafu ya saruji ya wodi, akaikanyaga mara mbili kwa kisigino, akatabasamu.

"Hapa panafaa," alisema.

"Hapa ni pa wazazi," Siwema alimjibu.

"Mama, serikali ni mzazi wa wote."

"Basi na ipande kitandani niipime njia."

Gavana alicheka mpaka akashika kitambi. Alikuwa mtu wa kicheko, lazima tumpe haki yake. Alimshika Siwema bega kwa upole akamwambia, "Mama yangu, hii ni ya muda tu. Miezi mitatu. Wewe mwenyewe ulikuwa unalia serikali iko mbali. Sasa imekuja, unaifukuza?"

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa siku ya tatu walijipa mapazia. Vitanda vinne vilihamishiwa kwenye ghala la mbolea nyuma ya zahanati, chumba cha mabati matupu kisicho na dirisha wala bomba, ambamo mtoto akizaliwa pumzi yake ya kwanza ilikuwa ya chumvichumvi. Kitanda cha kujifungulia hakikuhamishwa. Mheshimiwa alikuwa na matatizo ya mgongo, na alipokijaribu kile kitanda, kwa jinsi kinavyoinuka na kushuka, aliona ni Mungu amemletea. Kuanzia siku hiyo alisomea mafaili humo, amelala chali, miguu juu, kofia kifuani.

Madaraka nayo yakakua. Ikaundwa Kurugenzi ya Miti, Idara ya Kuhamasisha, na Kitengo cha Shukrani, kila kimoja na mkurugenzi, naibu mkurugenzi, dereva na mpika chai. Kwa kuwa kupokea wageni kulikuwa kumeshuka rasmi, na wageni Lugwisha hawakuwa wengi, wakurugenzi walianza kupokeana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja akienda kijiji cha pili, mwenzake alitangulia na ngoma kumlaki. Wanawake walitolewa mashambani kucheza, wakarudi jioni na mtama ukiwa umeliwa na ndege.

Miezi mitatu ikapita, kisha ikapita mingine mitatu. Siwema alivaa gauni lake jeupe, akabisha hodi kwenye mlango aliokuwa akiufungua mwenyewe kwa miaka yote ile.

"Nataka wodi yangu," alimwambia Chilongani.

"Andika barua, mama. Kwa Gavana, kupitia kwa Mtendaji wa Kata, kupitia kwa Wilaya, kupitia kwa Wizara ya Kushusha Madaraka, Makao Makuu. Wao wataishusha."

"Itoke hapa, iende Makao Makuu, irudi hapa?"

"Ndiyo maana ya kushusha. Kitu hakishuki mpaka kwanza kipande."

"Lakini Gavana yule pale! Namwona, anakula karanga."

"Unamwona kwa macho," alisema Chilongani kwa subira. "Kiofisi hayupo."

Damu ilimpanda Siwema kichwani. Hata hivyo aliandika, maana alikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa na jina. Iliitwa Asumini.

Asumini alikuwa mke wa Shomvi, mchoma matofali, na alikuwa na mimba ya pili. Alipojifungua mtoto wa kwanza alitoka damu kama bomba lililopasuka. Siwema alimwokoa kwa kile kitanda: alimwinua miguu juu, taa ikamulika, dripu ikapita, maji yakawa karibu, hadi alfajiri damu ikakata. Mwanamke aliyevuja mara moja anaweza kuvuja tena, hilo kila mkunga analijua. Kliniki ya mwisho Siwema alimwambia wazi, "Wewe, mwanangu, hutazalia kwenye mbolea. Nitakipata kile kitanda hata kama itabidi nimmwage mtu."

"Nakuamini, mama," Asumini alimjibu, akacheka. Shomvi alikuwa nje getini na tofali mkononi, kwa mazoea tu, ingawa hapakuwa tena na kitu cha kujenga.

Barua ya Siwema ilipigwa danadana miezi mitano. Jibu lilipokuja lilikuwa na mihuri saba na sentensi moja: "Kabla ya ombi lako kuzingatiwa, ambatanisha nakala tatu za uthibitisho kwamba Lugwisha kuna wanawake."

Siwema aliisoma mara mbili. Akaketi juu ya gunia la mbolea, akanakili kwa mkono majina mia mbili na sita kutoka kwenye daftari la kliniki, mara tatu. Alipofika kwa Asumini binti Ngwale aliikandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka. Kisha akaituma, na hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya mwisho kwa yeye kuwa mpole.

Ikafika Siku ya Kukabidhi Madaraka. Waziri wa Kushusha Madaraka mwenyewe alikuwa anakuja kumkabidhi Gavana mkuki wa shaba, alama ya mamlaka ya mkoa, mkuki ambao kwa usalama ulitengenezwa bila ncha. Jukwaa lilijengwa mbele ya wodi. Kijiji kizima kilipangwa kandokando ya barabara tangu saa kumi na mbili asubuhi, kila mtu na tawi la majani, na atakayekosekana angehesabiwa kuwa mpinzani wa maendeleo.

Saa mbili asubuhi Asumini alikuja na uchungu, ameegemea bega la Shomvi.

Siwema hakuandika barua. Alimsukuma Chilongani kando pamoja na futi yake, akaingia. Gavana alikuwa mbele ya kioo akifanya mazoezi ya kupokea mkuki kwa mpini wa ufagio.

"Mheshimiwa, nina mzazi wa hatari. Nataka kitanda hicho sasa hivi, na nataka gari la wagonjwa lisimame mlangoni. Akianza kuvuja, hospitali ni saa mbili kutoka hapa."

Lukindo alimtazama, na jasho likamtoka. Hakuwa mtu katili, na hilo ndilo lililomchoma Siwema kuliko yote. Katili ungemtukana ukapoa. Huyu alikuwa na huruma machoni na uji kwenye uti wa mgongo.

"Mama Siwema, ingekuwa kwangu mimi, ungeshakipata," alisema. "Ngoja niulize." Akapiga simu Makao Makuu, akasimama wima wakati simu ikiita. Alieleza, akanyamaza, akaeleza tena kwa sauti ndogo zaidi. "Kuzaa, afande... Ndiyo, wanawake... Hapana, haipo kushoto. Kulia pia haipo, nimeangalia." Akakata simu, akafuta shingo. "Kuzaa hakumo kwenye jedwali. Kwa hiyo ni kwa Makao Makuu mpaka kamati ikae. Na gari haliwezi kutoka kwenye msafara siku ya Waziri, ni itifaki. Nitapoteza kazi, mama."

"Na mimi nitapoteza mtu!"

"Nitafanya kile ninachoruhusiwa," alisema Gavana, na wallahi alifanya. Alikwenda mpaka ghalani na kofia yake, akasimama mlangoni, akainua ngumi juu akamhamasisha Asumini. "Mama, serikali ya mkoa iko pamoja nawe! Songa mbele!" Asumini, uchungu umemshika, alimwangalia bila kuelewa. Mkurugenzi wa Miti akaacha miche miwili kando ya mlango. Mtu wa Kitengo cha Shukrani alibaki na daftari lake, akisubiri kushukuriwa, hadi Siwema alipomtupia ndala.

Waziri alifika saa saba, saa tano baada ya muda wake. Kwa heshima yake kitanda cha kujifungulia kilitolewa wodini, kikawekwa jukwaani, kikafunikwa kitambaa chekundu na mito ya manyoya, maana Waziri naye alikuwa na mgongo. Alipoketi kilimpokea vizuri, akakisifu.

Dakika ile ile mtoto wa kike alizaliwa ghalani, mzima, mwenye kelele. Siwema alimfuta, akamkabidhi kwa Shomvi nje ya mlango, akarudi kwa mama. Kondo la nyuma likatoka. Na nyuma yake damu.

Spika zilifungwa kwenye miti yote, hivyo hotuba iliingia ghalani neno kwa neno, upende usipende.

"Ndugu wananchi! Leo serikali yenu iko karibu nanyi kuliko shati na mwili!"

"Shomvi!" Siwema alipiga kelele. "Kimbia, waambie nataka kitanda, nataka gari!" Yeye alikuwa amekandamiza tumbo la Asumini kwa mikono miwili. Aliburuta magunia ya mbolea kwa mguu, akayasukuma chini ya godoro ili miguu ya mgonjwa ipande juu. Gunia moja likapasuka, likamwagika. Taa haikuwapo, alitafuta mshipa wa dripu kwa kupapasa. Maji yalikuwa hatua mia moja, ng'ambo ya mkutano.

"Wako wanaosema serikali haisikii! Nasema, serikali ina masikio mia!"

Shomvi, mtoto kifuani, alizuiwa na askari kwenye kamba ya kwanza kwa kuwa hakuwa na tawi. Akatafuta tawi. Alizuiwa kwenye kamba ya pili kwa kuwa alikuwa na mtoto, na watoto walipangwa upande wa pili.

"Mama," Asumini alisema ghalani, "nasikia baridi."

"Niangalie mimi. Usifumbe macho, mwanangu. Niangalie hapa."

"Makofi kwa Mtukufu Rais!"

Yakapigwa makofi mengi. Yalipokwisha, Asumini alikuwa amekufa. Ilikuwa saa nane na nusu mchana, jua likiwaka nje, na ndani mkunga wa miaka kumi na tisa alikuwa ameshika vidole vya mtu kwenye giza la mabati, amelowa damu hadi viwikoni.

Huko jukwaani Waziri alikuwa amefika kwenye zawadi. "Mtukufu Rais," alisema, "kwa kuiamini Lugwisha, ameamua leo kuongeza daraka moja jipya kwenye safu ya kulia. Kuanzia saa hii, mkoa wenu utatoa wenyewe, bila kuuliza mtu yeyote Makao Makuu, vibali vya mazishi!"

Ngoma zikalia. Gavana Lukindo alipokea mkuki usio na ncha, machozi yakimlengalenga. Hatimaye alikuwa na kitu ambacho angeweza kukiamua yeye mwenyewe.

Na hapo ndipo Siwema alipotokea, akipita katikati ya watu na aproni yake nyekundu. Kamba zilifunguka bila kuguswa. Shomvi alimwona, akajua, akaketi chini barabarani na mtoto wake.

Chilongani ndiye aliyeelewa haraka. Alimnong'oneza bosi wake. Nami nisingesema hili kama halikuonekana na watu elfu mbili: uso wa Gavana, kabla hajawahi kuuzuia, ulichangamka. Kufa kufaana.

"Waheshimiwa," alisema kwenye kipaza sauti, akiwa tayari ameshatoa kalamu, "kwa masikitiko makubwa, lakini pia kwa heshima ya kihistoria..." Kibali Namba Moja kikajazwa pale pale juu ya mto wa manyoya. Muhuri ukagongwa. Shomvi aliinuliwa na askari wawili, akapandishwa jukwaani, akakabidhiwa karatasi kwa mikono miwili. Mpiga picha akamwomba atazame huku. Waziri akaanzisha makofi.

Siwema alikinyakua kipaza sauti kutoka mkononi mwa Gavana.

"Asumini amekufa kwenye mbolea," alisema. "Amekufa hatua mia moja kutoka kwenye kitanda ambacho huyu mgeni amekikalia sasa hivi. Mmepiga makofi yeye akikata roho, na mimi nimewasikia. Mlitunyima maji, mkatunyima taa, mkatunyima gari lililoegeshwa hapo tupu tangu asubuhi. Kibali cha kufukia mnacho tayari! Shenzi nyie! Wanawake wa Lugwisha, nani amezaa ndani ya wodi ile?"

Mkono mmoja ukainuka, wa bibi mmoja mnene upande wa ngoma. Ikafuata mingine, hadi haikuhesabika. Walitupa matawi chini. Hawakuimba. Walipita chini ya jukwaa wakaingia wodini, na viti vya kuzunguka vikaanza kutokea madirishani, vikifuatiwa na mapazia, mafaili, na birika za Kitengo cha Shukrani.

Askari walimtazama Gavana. Gavana alilitazama jedwali. Kukataza kulikuwa safu ya kushoto, kwa hiyo akamgeukia Waziri. Lakini Waziri alikuwa ameshashuka kwenye kitanda na kuingia garini, kioo kinapanda. Msafara wote uliondoka kwa vumbi, na gari la wagonjwa likafuata nyuma kabisa kama itifaki inavyotaka, king'ora kikilia, ndani hamna mtu.

Asumini alizikwa kesho yake asubuhi, bila kibali, kwa sababu Shomvi alikitafuna kile cha Namba Moja akakitema mbele ya Chilongani.

Siku ya nne gazeti la serikali lilifika na basi. Shomvi, ambaye hakusoma, alilipeleka wodini, kwa kuwa ukurasa wa mbele uliionyesha sura yake mwenyewe akikabidhiwa karatasi. Siwema alikuwa akiwasha jiko. Mwanamke mwingine alikuwa tayari kwenye kile kitanda, kilichorudishwa kutoka jukwaani, uchungu wa kwanza. Siwema alilipokea gazeti, akasoma kichwa cha habari: MADARAKA YAZAA MATUNDA: LUGWISHA YAFUNGUA WODI YA WAZAZI. Chini yake Waziri alieleza jinsi ofisi yake ilivyosimamia ufunguzi huo kwa karibu, na kwamba kwa mafanikio hayo Mtukufu ameridhia mkoa ugawanywe mara mbili. Siwema alisoma mpaka nukta ya mwisho. Jina la Asumini halikuwamo popote.

"Wameandika nini, nesi?" Shomvi aliuliza, akimbembeleza mtoto aliyekuwa analilia maziwa.

"Wameandika tushukuru."

"Tushukuru nini?"

Siwema alilichana gazeti vipande, uso wa Waziri kwanza, akavisokomeza chini ya sufuria ya kuchemshia mikasi, akapiga magoti akapuliza mpaka vikashika moto.